Mshauri wa moto asije na kitabu cha risiti

Mtungi mwekundu ulikuwa nyuma ya magunia mawili ya mchele, umefunikwa kanga kuukuu. Mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha, tena kwa fahari. Nikauinua, nikapangusa vumbi la unga kwenye kioo cha geji: sindano imelala kwenye nyekundu. Pini ya usalama ipo, na lakiri yake ya plastiki haijaguswa tangu siku uliponunuliwa. Nikamwuliza, "Mama, moto ukiwaka leo usiku, utaufikiaje huu?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Huo si wa moto, mwanangu. Huo ni wa leseni."

Anauza mahamri, mbaazi za nazi na viazi karai huko Maweni, Malindi, tangu kabla mimi sijaoa. Neno lake lilinikaa kichwani njia nzima nikirudi nyumbani, kwa sababu sikuwa na la kumjibu. Mtungi wa leseni hununuliwa msimu wa leseni, huonyeshwa afisa, kisha hurudi nyuma ya magunia kungojea msimu mwingine. Mtungi wa moto ni mwingine kabisa, na katika jikoni za mji wetu nimeukuta mara chache mno.

Mimi si askari wa zimamoto. Kwa miaka 17 nilikuwa fundi wa matengenezo katika hoteli ya kitalii pwani ya Malindi: pampu za maji, stima, mafriji, na paa la makuti ambalo halikosi pahali pa kutiwa kiraka. Wageni walipopungua, hoteli ikafungwa, nikarudi kwetu Muyeye na kisanduku cha vyombo na umri wa miaka 48. Rafiki mmoja akaniambia kuna kazi ya kuwashauri wenye biashara ndogo namna ya kujikinga na moto. "Stima unaijua, gesi unaijua, na watu wanakujua." Nikauza pikipiki, nikaenda Mombasa kusomea.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, katika ukumbi wenye baridi ya mashine, projekta ikimulika ukutani. Mkufunzi alikuwa mtu mwema na mjuzi, sina neno naye. Lakini alichotufundisha kilikuwa cha majumba makubwa: vinyunyizio vya maji vya darini, lifti, milango ya chuma inayojifunga yenyewe, maghala ya marobota. Yote kwa Kiingereza. Siku ya mwisho tukatolewa uani, ikawashwa dizeli ndani ya sinia la bati, kila mmoja akaminya mtungi kwa sekunde tatu huku mwenzake akimpiga picha. Tukapewa vyeti. Hakuna aliyewasha kuti moja. Hakuna aliyepasha karai la mafuta. Nilirudi Malindi nikijua njia za kutokea katika jengo la ghorofa nane, na wateja niliokusudia kuwahudumia hawana hata ngazi.

Kosa langu la kwanza lilinipata mwezi huohuo. Bibi mmoja wa Shela yetu ya hapa Malindi, si ile ya Lamu, alikuwa akikaanga samaki ndani ya kibanda kilichojaa moshi. Nikamwambia asogeze jiko la makaa karibu na mlango, apate hewa, na ikizuka hatari awe karibu na njia ya kutokea. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na mlango ule unatazama kusini, palikuwa shwari. Nikaandika ripoti yangu safi. Mwishoni mwa Aprili nikapita kumsalimu. Kusi imeshaingia, inapiga moja kwa moja mlangoni, inainua cheche za makaa na kuzirusha juu kwenye ukingo wa makuti. Bibi amesimama na bakuli la maji akiyarushia makuti kila baada ya muda. Nikamwamkia. Akaitikia "marahaba" yake bila kugeuka, kisha akasema, "Mwanangu, umesoma, lakini upepo hukuusoma."

Tangu siku hiyo nina ugomvi na namna tunavyowafundisha watu kazi hii.

Sheria tunayo. Mwaka 2007 Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi. Zinataka kila mahali pa kazi pakaguliwe kwa ajili ya moto angalau mara moja kila miezi 12, na mkaguzi awe ameidhinishwa na idara inayosimamia usalama kazini. Zinataka wafanyakazi wafanye zoezi la kukimbia moto angalau mara moja kwa mwaka. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaikabidhi kaunti kazi ya zimamoto. Kwa karatasi, mama wa mahamri amezungukwa na ulinzi pande zote. Ukweli ni kwamba wanaofika mlangoni kwake ni wa aina mbili: afisa anayekuja kuona kama ana mtungi, na mkaguzi wa binafsi anayetaka malipo ya kazi iliyopimwa kwa kiasi cha kiwanda. Wote wawili wana kitabu cha risiti kwapani. Mama amejifunza kuwaonyesha wanachotaka kukiona.

Sasa tazama jikoni kwake kulikuwa na nini hasa. Jiko la gesi la miguu mitatu, karai la mafuta la upana wa mkono, na pembeni, palepale miguuni pake, ndoo ya maji iliyojaa. Nikauliza ya nini. "Ya moto, mwanangu. Miaka yote naiweka. Mtungi ni wa leseni, ndoo ndiyo ya moto."

Ndoo ile ilinitisha kuliko kitu chochote nilichoona mwaka ule. Mafuta yakishawaka yana joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji yakiyagusa hayapati nafasi ya kuzima kitu: yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji huwa kama lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka juu, matone kwa matone, kila tone na moto wake. Dari ya jikoni ya mama ilikuwa makuti, na yeye angekuwa amesimama na ndoo tupu mkononi.

Nikamwomba sinia. Kila nyumba ya Maweni ina sinia la biriani, na lake lilikuwa pana kuliko karai. Tukazima gesi, tukaacha karai lipoe, nikamwonyesha: unashika sinia kama ngao, ukingo wa chini mbele, unalisogeza juu ya karai kutoka upande wako kwenda ule wa pili, ili moto usikufikie uso. Unazima gesi. Unatoka. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, akafanya mara tatu, na kila mara sinia likagonga karai likalia kama debe. Mara ya tatu mama akacheka. Kisha akauliza swali ambalo ukumbini Mombasa halikuulizwa na mtu: "Na nikifunua kidogo nione kama umezimika?" Nikamwambia ukifunua mafuta bado ya moto, hewa inaingia na yanawaka upya. Acha hata saa nzima. "Na watu wangu wa jioni je, watakula nini?" Nikasema watakula mahamri.

Akaniambia jambo jingine, ambalo vitabu vyangu havikulitaja. Hata mtungi ungekuwa mzima asingeutumia, kwa sababu ule unga mweupe ukipulizwa jikoni unaharibu kila kilichopikwa na unaingia hata kwenye magunia. Angesita. Na mtungi wa kilo 6 hupuliza kwa sekunde 20 hivi, ukisita umekwisha kazi. Tena unga huo huangusha ndimi za moto bila kuyapoza mafuta, kwa hiyo huweza kuwaka tena. Mama, ambaye hakusoma darasa lolote la moto, alikuwa na sababu yake ya kuuficha ule mtungi nyuma ya magunia, na kwa hesabu ya biashara yake haikuwa ya kipumbavu.

Malipo yangu siku ile yalikuwa shilingi 500, chai, na mahamri mawili ya kufunga kwenye gazeti.

Kilifi mjini nilikutana na kijana wa kuku wa kukaanga. Mtungi wake wa gesi wa kilo 13 ulikuwa chini ya meza, futi mbili kutoka kwenye moto. Nikamwambia kama nilivyofundishwa: mtungi ukae nje. Akanijibu, "Mzee, nje utalala hapa usiku mmoja tu." Mtungi wa kwanza ulikuwa umeibwa. Hapo mtu aliyesomea ghala huandika "mwenye biashara amekataa ushauri" akaondoka. Tulikaa naye tukanywa soda. Jirani yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa vyuma vya mlango wa zamani akatutengenezea kizimba cha kufungwa kwa kufuli, kikashikizwa ukutani kwa nje, kimetobolewa chini kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya penye shimo. Mpira wa gesi ukabadilishwa, maungio tukayapaka povu la sabuni tukatazama kama yanatoa mapovu. Kijana alipenda sana ile ya sabuni. Sasa anaifanya kila akibadilisha mtungi, na anawaonyesha wenzake stendi kana kwamba aliivumbua yeye.

Kuhusu makuti nina mengi, na mhariri hatanipa ukurasa mzima. Moto wa makuti katika mji wa Pwani si jambo la jana. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliitia Mombasa moto, na ukawaka usiku kucha. Malindi wakati ule tulikuwa marafiki wa Wareno, jambo ambalo Wamombasa bado hutukumbusha wakitaka kututania. Hoteli za makuti zimeungua Malindi na Watamu, si mara moja, na kila mara watu huuliza kwa nini zimamoto ilifika na maji yake yasisaidie. Fundi yeyote wa makuti angewajibu. Paa lile limeshonwa ili mvua iteleze isipenye. Maji ya bomba nayo huteleza vilevile, na moto unaendelea kula kwa ndani, katikati ya tabaka. Paa lililoshika huzimwa kwa kuvutwa chini, kwa kulabu na miti mirefu, na lile la jirani huokolewa kwa kulowanishwa kabla cheche hazijatua. Lakini katika darasa langu fundi wa makuti hakuwepo, wala kama mwalimu wala kama mwanafunzi.

Halafu kuna vyuma. Tunaogopa wezi kuliko tunavyoogopa moto, na kwa kuwa wezi huja mara nyingi zaidi, hofu hiyo ina haki yake. Lakini vijana wangapi wa duka hapa kwetu hulala ndani, mlango umefungwa kwa nje na tajiri aliyekwenda nao ufunguo nyumbani? Mwaka 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kiliwaka, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa kufuli, wakafa watu 146. Hatuna haja ya kufika New York. Machi 1998, hapa Mazeras, bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu liliungua usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wasichana zaidi ya 20 hawakutoka. Kila nikiingia duka lenye godoro nyuma ya kaunta, la kwanza ninalouliza ni ufunguo uko wapi, na nani anaweza kuushika gizani.

Ninachodai ni hiki. Kaunti ya Kilifi ifundishe washauri wake yenyewe, hapa hapa, na iwafundishe kazi ya vibanda kabla ya kazi ya viwanda. Vyuo vya ufundi tunavyo. Wapo askari wa zimamoto waliostaafu, mafundi stima, mafundi wa gesi, wakaanga samaki walioungua mikono wakapona. Kenya ina mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambao fundi aliyejifunzia kazini hufanya, akaonyesha mkono wake, akapata cheti chake. Kwa nini pasiwe na gredi ya kushauri juu ya moto wa biashara ndogo? Mtahiniwa apelekwe soko la Malindi saa kumi na moja jioni, aingie jikoni asikokujua, apige hodi, asalimu, akae. Apewe saa moja. Akitoka, tumpime kwa kitu kilichobadilika mle ndani, na kwa alichoweza kukisema mpishi baada ya yeye kuondoka. Azungumze Kiswahili, na akienda Marafa au Ganze azungumze Kigiriama. Ajue kaskazi inaingia lini na kusi inapiga wapi. Kabla ya mtihani afuatane na mkubwa wake miezi mitatu, ambebee mkoba, kama tulivyofundishwa ufundi mwingine wote.

Na asiwe na kitabu cha risiti. Hili ndilo nitakalolitetea mbele ya yeyote. Anayeshauri na anayetoza wakiwa mtu mmoja, mama wa mahamri atamwonyesha mtungi na kumficha ndoo. Alichokiona mshauri jikoni kisiweze kugeuzwa hati ya mashtaka wiki ijayo. Malipo yake yatoke kwenye pesa ambazo wafanyabiashara tayari wanalipa kaunti wakichukua leseni. Ni haki yao wapate kitu zaidi ya karatasi ya kutundika ukutani.

Nimeambiwa na rafiki yangu wa serikalini kwamba bila faini hakuna atakayefanya lolote. Namheshimu, lakini faini tumekuwa nayo miaka yote hii, na ilichozaa ni mitungi ya leseni. Nakubaliana naye mahali pamoja tu: anayejaza gesi kwa wizi nyuma ya nyumba, au anayeweka madumu ya petroli chini ya kitanda ili awauzie bodaboda kwa chupa, huyo anahatarisha mtaa mzima na anajua anachofanya. Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, usiku, watu wakiwa majumbani mwao, wakafa waliokuwa hawauzi wala hawanunui. Kwa mtu wa namna hiyo sheria ije na fimbo yake. Mama wa viazi karai si mtu wa namna hiyo.

Wala zimamoto haiwezi kuwahi kila pahali: kutoka Malindi mjini hadi Watamu ni zaidi ya kilomita 20, na vichochoro vya Maweni gari kubwa haliingii. Dakika kumi za kwanza za moto ni za aliyepo pale, na kwa kawaida aliyepo pale ni mwanamke mwenye mwiko mkononi au kijana anayelala kwenye godoro nyuma ya kaunta. Waheshimiwa wa bunge la kaunti hukaa kupitisha bajeti kila mwaka. Naomba mmoja wao, kutoka wadi yoyote, asimame aulize pesa ngapi zimetengwa kwa ajili ya kuwafundisha hao wawili.

Nawe msomaji, kama una duka, mkahawa au kibanda, kabla hujafunga leo jioni sogeza magunia uitazame ile sindano. Na kama miguuni pa karai lako pana ndoo ya maji, ipeleke uani leo hii, na sinia lining'inize kwenye msumari mahali mkono wako unapofika.